Kadi ya Kitabu Kisichokuwepo

Niseme upumbavu wangu kwanza, kabla hamjausikia kwa mtu mwingine akautia chumvi. Nilitunga kitabu. Sisemi nilikiandika. Kuandika kitabu ni kazi, na mimi na kazi tulikuwa bado hatujajuana vizuri. Nilikitungia jina, nikakipa mwandishi, nikakipa kurasa, nikakisifu kwa sentensi nne, nikakichomeka kati ya vitabu vya kweli. Halafu nikaenda kucheza mpira.

Sasa kaeni. Ninyi mnaosoma haya ni wadogo zangu wa laini za polisi, nyumba zetu za Ntinda. Nimesikia Bi Nalwoga anatafuta vijana wawili wenye mwandiko unaosomeka, na kwamba mama zenu wameshawatoa kafara. Mimi nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na nimestaafu, bila sherehe, bila saa ya ukutani, bila hata andazi. Lakini mstaafu ana haki moja duniani, nayo ni kuwachosha vijana kwa maneno. Na kwa kuwa wale wanajeshi waliotufanya tunong'one wameshakimbia na magari yao, nitasema kwa sauti.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu akitaka kuchunguza jambo, lazima kwanza ajue nani ameandika nini kabla yake, asije akachimba kisima palipo na kisima. Kwa hiyo anatengenezewa orodha ya vitabu, ripoti na makala. Lakini orodha tupu ni kama kitabu cha mahudhurio: inakuambia nani yupo, haikuambii nani mwongo. Ndiyo maana chini ya kila kitabu unaweka maelezo mafupi. Kinasema nini? Mwandishi alijuaje? Ameacha nini? Kitamfaa nani? Hiyo ndiyo bibliografia yenye maelezo. Yetu ilikuwa ya utafiti juu ya mafundi wa chuma wa nchi hii, na tuliitengeneza katika chumba kimoja upande wa Wandegeya, chini ya Bi Nalwoga, mkutubi.

Nilifikaje pale? Mama yangu, Konstebo Aber, alikuwa analinda geti la jengo lile. Likizo moja alichoka kusikia habari zangu kutoka kwa majirani, akanishika sikio mpaka mlango wa Bi Nalwoga.

"Dada, nakuomba. Huyu ukimwacha bure ataniletea maneno. Mpe kazi yoyote."

"Anajua kuandika?"

"Anajua. Kwenye kuta zote za laini ameandika."

Bi Nalwoga alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, Mganda wa kweli ambaye Kiswahili chake kilibadilishana r na l bila kuomba ruhusa. Siku ya kwanza aliniambia nimletee karamu. Nikatazama huku na huku kama kuna pilau. Alinipiga kichwani kwa ile kalamu alipoipata.

Kadi yangu ya kwanza niliandika: "Kitabu hiki ni kizuri sana." Aliisoma, akaichana mara mbili, akanirudishia vipande.

"Kizuri kama nini? Kama ndizi? Kama bibi harusi? Mtu yuko Gulu, hana nauli, anataka kujua kama asafiri kuja kusoma kitabu hiki au abaki kwake. Wewe unamwambia kizuri. Umemsaidia nini, mwana wange?"

Basi chukueni haya bure. Nawa mikono kwanza, maana alama ya mafuta ya kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, haitoki. Anza na dibaji, kwa sababu hapo ndipo mwandishi anajisifu. Ruka uende mwisho, kwa sababu hapo ameshachoka na anasema kweli. Halafu tazama faharasa: kitu asichokitaja ndicho utakachokiandika. Kadi moja, kitabu kimoja. Penseli kwanza, wino baadaye. Na siku zote, siku zote, andika ulipokipata, ili mwenzako naye akipate.

Mtauliza tulivipata wapi, miaka ile. Wenye vitabu walikuwa wanaondoka. Leo mhadhiri yuko ofisini, kesho mlango umefungwa na hakuna anayeuliza funguo. Maktaba zao zilikwenda sokoni kwa kilo. Karatasi zilikuwa haba kama sukari, kwa hiyo wauza karanga wa Wandegeya walifungia karanga kwa chochote. Bi Nalwoga aligundua hilo siku alipomaliza kula akaona mkononi ana jedwali la tanuri za kuyeyushia chuma. Tangu hapo nikawa natumwa kununua karanga kwa ajili ya karatasi. Nilikuwa nasimama pale nasoma fungu moja moja, na mwenye karanga ananitukana.

"Wewe kijana, unanunua ama unasoma?"

"Nipe lile, mama. Hapana, lile lenye ukurasa wa arobaini na tatu."

Kwenye kasha zimo kadi zinazosema: "Kurasa nne tu zimeonekana, kwa muuza karanga." Msicheke. Kadi hizo ni za kweli kuliko nyingi.

Na hapo ndipo penye sheria kubwa ya kazi hii, ambayo Bi Nalwoga alinipa siku ya kwanza kabla hata ya kiti. Usieleze kitabu usichokishika. Kama umesikia tu kwamba kipo, kama umeona tu kimetajwa ndani ya kitabu kingine, andika jina, usiseme neno zaidi, na uweke nyota pembeni. Nyota maana yake: mimi niliyeandika kadi hii sikukiona. Si aibu kuweka nyota. "Kadi ni ahadi," alikuwa akisema. "Unamwambia mtu usiyemjua: nenda, utakikuta. Nyota inamwambia: sikuahidi." Mtakapoishika orodha yenyewe, tazameni namba sitini na moja. Ina nyota ya wino mwekundu ambayo si mkono wa Bi Nalwoga wala wangu. Nitafika.

Shida ilianzia Katwe. Tulikuwa na vitabu juu ya wafua chuma wa magharibi na wa kaskazini. Juu ya Katwe, ambako ukipita unatoka masikio yanalia kwa nyundo, hatukuwa na hata ukurasa. Bi Nalwoga alikuwa anakereka kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni. "Haiwezekani! Watu wote wale wanagonga chuma kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja aliyeandika?" Kila nikitaka kutoka, ananirudisha kwenye rafu. Tafuta Katwe. Tafuta tena.

Alasiri moja vijana wa laini walikuwa wananingoja, mpira tulikuwa nao, kipa nilikuwa mimi. Nikakaa, nikaandika. *Wafua Chuma wa Katwe na Kazi Zao.* Mwandishi? Nililihitaji jina, na jina lililonijia ni lile nililolitazama kila siku nikifungua sanduku langu la shule. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani ndani ya kifuniko: Y. SSEBUGWAWO, KATWE. Maelezo nayo yakaja yenyewe: "Mwandishi ni fundi mwenyewe. Anaeleza kwa makini jinsi mafundi wa Katwe wanavyoweza kugeuza bomba la maji kuwa bunduki isiyoshindwa na ya kiwandani. Kina michoro. Hakuna mtafiti atakayekikosa asijute." Mahali kilipo nikaandika: "Mikononi mwa mtu binafsi." Nyota sikuweka. Vitabu vya nyota Bi Nalwoga alinituma tena nivitafute, na mimi nilitaka cha kumnyamazisha.

Kilimnyamazisha. Alisoma kadi ile, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Halafu akaanza kuimba wimbo wa kanisani, taratibu, puani. Sikuwahi kumsikia akiimba. Mngemwambia ninyi? Mimi nilishindwa. Nikasema nitamwambia kesho, na kesho ikaja na kesho yake.

Bi Nalwoga akapiga chapa orodha yote. Miaka ile hata utafiti wa mchwa ulihitaji muhuri wa ofisi fulani, na ofisi fulani ilikuwa ya wanajeshi. Orodha ikaenda kupigwa muhuri. Mimi nikasahau.

Kapteni wa ofisi hiyo alikuja mwenyewe. Nilisikia kisigino cha Mama kikigonga chini getini, saluti, kisha viatu kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Wanaopiga kelele ni makoplo. Alivua kofia, akaketi kwenye kiti changu, akafungua orodha pale alipokuwa amekunja.

"Nani hapa ni Nalwoga?"

"Ni mimi, afande."

"Umefanya kazi mzuri. Mimi nimesoma yote."

"Asante, afande."

"Hii namba sitini na moja. Hii kitabu iko wapi?"

Bi Nalwoga alitabasamu, maskini. Alidhani amepata msomaji. "Iko kwa mtu binafsi, afande. Kijana wangu huyu ndiye aliyekiona."

Kapteni akanigeukia. Jamani, hapo ndipo palikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Ningesema, "Afande, nilidanganya," pengine ningekula makofi mawili yakaisha. Nikafungua mdomo, ukasema: "Mwenyewe amesafiri, afande."

"Ni sawa. Kesho saa nane mimi nataka kitabu. Na huyu Ssebugwawo pia." Akasimama, akapapasa kofia yake. "Msiogope. Hatutaki kumfanya kitu. Tunataka kumuuliza tu."

Niwaambie kitu kimoja kuhusu maneno hayo, kisha tuendelee. Baba yangu alikuwa sajini. Asubuhi moja aliitwa kambini Makindye, kuulizwa tu. Chai yake ilikaa mezani, Mama hakuimwaga mpaka ikaota ukungu. Sisi ni watu wa Kitgum, kaskazini, ambao watawala hawakuwaamini, na miaka ile mtu wa Kitgum mwenye yunifomu alitembea kama aliyebeba mayai kichwani.

Gari lilipoondoka, Bi Nalwoga alivuta droo, akaitoa ile kadi, akaiweka mezani katikati yetu.

"Ulikishika?"

"Hapana, Bi Nalwoga."

"Ulimwona mtu amekishika?"

"Hapana."

"Kipo?"

Nilikuwa natazama herufi zangu mwenyewe, zilivyonyooka, zilivyo nzuri. Nilingoja anipige kwa kalamu. Akawa anaizungusha kadi kwa kidole.

"Ningekukagua," akasema mwisho. "Kila kadi naikagua. Hii sikuikagua kwa sababu nilitaka kiwepo." Halafu akainua kichwa. "Na Ssebugwawo? Naye umemtunga?"

"Yeye yupo. Ndiye aliyetengeneza sanduku langu."

Hapo ndipo alipoinuka, akasahau mkoba.

Tulimkuta Mzee Ssebugwawo Katwe, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunja bati la pipa. Mbele yake masanduku yamepangwa, huku na huku mafundi wa sigiri wanagonga, kila neno unalisema mara mbili. Bi Nalwoga alimweleza kwa Kiganda, akiinama sikioni. Mzee alisikiliza bila kuweka nyundo chini. Kisha akanitazama mimi, akahamia Kiswahili, ili nami nisikose sehemu yangu.

"Mimi nimeandika kitabu?"

"Ndiyo, mzee. Yaani hapana, mzee. Samahani, mzee."

"Mimi sijui kusoma, ssebo. Hata hiyo jina ndani ya sanduku, inapakwa na mtoto wa dada yangu." Akapiga bati mara moja. "Na inasema natengeneza bunduki."

"Kutoka bomba la maji, mzee."

"Banange! Bawaba tu ya sanduku inanishinda." Akafikiri. "Lakini inasema mimi ni fundi mzuri?"

"Inakusifu sana, mzee."

"Kale, sawa. Angalau hiyo."

Bi Nalwoga akamwambia ana nafasi: basi la Masaka lipo, nduguze wapo, aondoke leo. Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa ameacha kugonga, nyundo ameibana kati ya magoti.

"Nnyabo, leo mimi ni mtu anatengeneza sanduku. Nikikimbia, nitakuwa nimeandika. Watasema, kama si yeye, mbona alikimbia? Halafu watashika mtoto wa dada. Sikimbii."

Mliona hesabu hiyo? Mimi niliyefaulu hesabu sikuiona.

Nilimwambia Mama jioni ile, akiwa anapiga pasi yunifomu yake. Nilisema yote, nikitazama mkaa ndani ya pasi. Nilikuwa nimeshavaa suruali mbili kwa ajili ya fimbo. Alimaliza kola. Akamaliza mikono. Akageuza shati, akanyunyizia maji.

"Shati yako ya shule iko wapi?"

"Kwenye kamba, Mama."

"Leta."

Akalipiga pasi na hilo, polepole, mpaka mikunjo ikasimama. Nilijua basi tunakokwenda.

Asubuhi Bi Nalwoga alikuja getini kumwambia Mama kwamba yeye haendi mjini kwa kapteni, anakwenda Katwe kukaa na mzee. "Wakija kumchukua mwandishi," alisema, "wamchukue na mkutubi wake. Orodha ina jina langu juu." Mama alimshika mkono kwa mikono miwili. Hawakuagana.

Lile jumba la kapteni sitalitaja, mnalijua, na ninyi pia mlikuwa mkivuka barabara mkilifikia. Tulikaa kwenye benchi kwenye korido. Watu wengine walikuwepo, wote wanatazama sakafu, kama sakafu ina maandishi. Mimi huwa na mzaha wa kila mahali. Nilitafuta mmoja tu, mdogo, wa kunishikilia. Nilikuta mfuko mtupu.

Mama alipiga saluti ambayo ilitikisa kikombe cha kapteni.

"Konstebo Aber, afande. Kitabu haiko. Haikuwepo. Mwenye alitunga ni huyu, mtoto wangu."

Kapteni alisoma jina kwenye yunifomu yake. "Wewe ni mtu ya wapi, konstebo?"

"Kitgum, afande."

"Hm." Akaandika kitu. Sijui aliandika nini hadi leo. "Bwana yako?"

"Aliitwa Makindye, afande. Kuulizwa."

Kapteni aliacha kuandika. Kisha akainua orodha, akasoma maelezo yangu kwa sauti, yote, mpaka "Kina michoro." Yalisikika vizuri. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Hii ni maneno ya mtu amesoma. Si ya mtoto."

"Anasoma, afande. Adabu ndiyo hana."

"Konstebo, mimi nimefanya hii kazi. Kitu ikifichwa vizuri, kila mtu anasema haiko. Mkutubi anasema iko. Sasa nyinyi mnasema haiko. Mimi niamini nani?"

Mnaona nilipotufikisha? Kitabu cha kweli ungekileta, ukakiweka mezani, basi. Kisichokuwepo utakileta vipi ili aone hakipo? Kila tulivyozidi kukikana ndivyo kilivyozidi kuwa kizito mkononi mwake. Nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya kuku: "Afande, ni mimi. Nilitunga. Naweza kutunga kingine."

Kapteni akasogeza kikombe pembeni.

"Tunga," akasema. "Hapa. Sasa. Juu ya ng'ombe."

Kadi tupu nilikuwa nazo mfukoni, mkutubi hatoki bila kadi. Nikapiga magoti kwenye kona ya meza yake, nikaandika. Jina la kitabu: *Malezi ya Ng'ombe wa Pembe Ndefu katika Nchi Kavu.* Mwandishi nilimtafuta sana. Nilitaka jina ambalo hakuna mama duniani amewahi kumpa mtoto. Nikaandika Zekaramia Kipwenzi. Maelezo sentensi nne. Nikampa.

"Kurasa ngapi?"

"Mia mbili na nane, afande."

"Iko na michoro?"

"Hapana, afande. Michoro nimeacha."

Askari wa mlangoni alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Kapteni hakucheka. Alisoma, akirudi nyuma, akisoma tena.

"Mimi nimechunga ng'ombe mpaka nikaingia jeshi. Hii maneno yako ya maziwa ni uongo."

"Ndiyo, afande. Yote ni uongo."

"Lakini mtu wa mjini ataamini."

"Ndiyo, afande. Huo ndio ubaya wake."

Akaweka kadi chini, akaisukuma kwa kidole mpaka ikalingana na ukingo wa meza. "Tunga moja tena. Ya mwisho. Kitabu juu ya mimi."

Wadogo zangu, mizaha yote iliyokuwa imenikimbia kwenye korido ilirudi kwa pamoja, ikapanga foleni ulimini kama watu wa sukari. Kumsifu? Angeona namdhihaki. Kumtania? Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mikunjo yake ya pasi. Nikaandika cheo chake, nikaandika jina lake kama lilivyokuwa kifuani. Chini yake nikaacha weupe. Pembeni nikaweka nyota.

"Hii ni nini?"

"Nyota, afande. Ni sheria ya kazi yetu. Maana yake aliyeandika kadi hakukishika kitabu. Hajui kilichomo. Hasemi kitu."

"Hujui kitu juu ya mimi."

"Sijui kitu, afande."

"Na hii namba sitini na moja. Mbona haina nyota?"

"Niliacha kuweka, afande. Hapo ndipo nilikosa."

Akaegemea kiti. Kwa mara ya kwanza niliona macho yake yamechoka, mekundu pembeni, kama ya mtu ambaye naye halali. "Mimi nimeshasema kwa mkubwa wangu kuna kitabu," alisema, na sikujua anamwambia nani kati yetu. "Siwezi kurudi kusema hakuna. Unaelewa, konstebo?"

"Naelewa, afande."

"Hii nyota yako, ukiweka, maana yake watu walisikia tu. Hakuna mtu ameona. Hakuna mtu wa kuuliza."

"Ndiyo, afande," nikasema. "Hakuna mtu wa kuuliza."

Akachukua kalamu nyekundu. Akachora nyota mbele ya namba sitini na moja, pembe moja ndefu kuliko nyingine, kazi ya mtu asiyezoea. Akafuta kwa mstari sentensi zangu zote nne, ile ya bunduki na ile ya michoro. Akagonga muhuri. Zile kadi mbili nyingine akazikunja akatia mfukoni, ya ng'ombe na yake.

"Toka," akasema. "Konstebo, toka na yeye. Haraka."

Kwa hiyo namba hiyo ipo, ina muhuri, na kitu chenye muhuri hakifutwi. Watafiti wawili wameshakuja kumuuliza Bi Nalwoga kitabu kile kinapatikana wapi. Anawaonyesha nyota, wanaelewa, wanaondoka. Msiiondoe. Mkitaka kujua kwa nini nyota inawekwa siku ile ile, kabla ya mpira, itazameni hiyo.

Tulitoka getini, tukavuka barabara. Mama alitembea mbele, mgongo umenyooka, buti zinapiga sawasawa kama yuko kwenye gwaride, na mimi nyuma yake nikihesabu makofi yaliyonipasa. Hakugeuka. Tulipita maduka matupu, tukapita foleni ya sabuni, tukashuka mpaka jumba lile halionekani tena. Hapo, mbele ya duka lililofungwa, alisimama. Akashika nguzo ya baraza. Akajishusha chini taratibu, na yunifomu yake yote ya pasi, akakaa kwenye ngazi ya vumbi. Akavua kofia, akaiweka magotini. Nikafumba macho, nikatoa shavu.

Alisema hivi, na sikuongeza neno:

"Kimbia Katwe, ambia Mzee Ssebugwawo hajaandika kitabu. Mimi nitakuja nyuma. Wacha kwanza miguu yangu irudi."